Tijara ya Majira: Mgeni wa Siku Tatu katika Milima ya Vermont

Nchini Marekani hakuna sheria ya serikali kuu impasayo mwajiri wa kampuni kumpa mtumishi wake likizo yenye malipo, hata ya siku moja. Ile sheria mashuhuri ya kazi ya mwaka 1938, iliyoweka kima cha chini cha ujira na malipo ya saa za ziada, haikuligusa jambo hili, na tangu hapo mapumziko ya mfanyakazi yamekuwa ni maafikiano baina yake na tajiri wake. Aliye mgeni kazini aghalabu hupata kiasi cha wiki mbili kwa mwaka, naye huzitumia kwa hadhari, kama msafiri wa jangwani atumiavyo maji ya kiriba. Katika dhiki hiyo ya wakati ndipo ilipostawi biashara ambayo makala haya yanakusudia kuieleza: safari fupi ya ndani ya nchi, ya siku tatu au nne, kwa gari la nyumbani, kwenda mahali penye sifa isiyopatikana pengine, tena kwa majira yake maalumu.

Serikali iliyonyamaza juu ya likizo iliisaidia biashara hii kwa njia mbili nyingine. Mwaka 1956 bunge liliidhinisha ujenzi wa barabara kuu za kuunganisha majimbo, zaidi ya maili 40,000. Na mwaka 1968 likapitisha sheria, iliyoanza kutumika mwaka 1971, ya kuzihamishia sikukuu kadhaa siku ya Jumatatu, ili Jumamosi, Jumapili na Jumatatu zishikamane. Wenye hoteli na wachukuzi waliiunga mkono sheria hiyo, na hawakukosea hesabu, maana tangu hapo familia ya Boston au New York imeweza kufunga mizigo Ijumaa jioni, ikalala milimani usiku uleule, na kurejea kazini Jumanne bila ya kupunguza hata siku moja ya likizo yake.

Miongoni mwa majimbo yanayoishi kwa mgeni huyo wa siku tatu, Vermont yastahili kutazamwa kwa makini. Ni jimbo dogo la kaskazini-mashariki, lisilo na bahari wala mji mkubwa, lenye watu wasiofika laki saba, na robo tatu ya ardhi yake ni misitu. Bidhaa yake kuu kwa mgeni ni majira yenyewe, na la kwanza katika hayo ni majira ya mapukutiko. Mchana unapofupika na usiku kupoa, jani huacha kutengeneza ile rangi ya kijani, na umanjano uliokuwa umefichika humo tangu mwanzo hudhihiri. Ama wekundu wa mti wa mepo huundwa siku hizohizo kutokana na sukari iliyobaki ndani ya jani, na huwa mkali zaidi kukiwa na mchana wa jua na usiku wa baridi isiyofikia kugandisha. Rangi hizo huanza kaskazini na vileleni mwishoni mwa Septemba, zikashuka kusini kidogo kidogo hata zikafika Connecticut mwishoni mwa Oktoba, na kilele chake hukutana na sikukuu ya Columbus, iangukayo Jumatatu ya pili ya Oktoba. Wikiendi hiyo vyumba huwa vimekwisha kuwekwa miezi mingi kabla, bei hupanda, na nyumba nyingi za wageni hazimkubali alalaye usiku mmoja tu.

Lakini bidhaa ya namna hii ina taabu yake, nayo ni kuwa haiwekeki ghalani. Mwenye duka asipouza kanga leo atauza kesho. Mwenye hoteli ambaye chumba chake kimelala kitupu usiku huu ameupoteza usiku huo moja kwa moja. Ajengaye nyumba ya wageni kwa ajili ya wiki tatu za majani atalipa deni la benki kwa miezi kumi na miwili, na hapo ndipo ilipodhihiri akili ya watu wa Vermont, walioyapekua majira yao yote, moja baada ya moja, wakitafuta lipi linauzika.

Baridi, iliyokuwa msiba wa mkulima, iligeuzwa riziki. Mwaka 1934, katika shamba moja la mji wa Woodstock, watu walifunga kamba ndefu iliyozungushwa kwa injini ya gari la Ford, ikawa yawavuta watelezaji wa theluji hadi juu ya kilima. Inahesabiwa kuwa ndiyo ya kwanza ya aina yake Marekani, na kutokana na kamba hiyo ukazaliwa utajiri wa miji ya watelezaji ya Stowe na Killington. Siku hizi theluji ya mbinguni ikichelewa, mashine hurusha maji hewani usiku wa baridi yakaganda, na miteremko ikafunguliwa kwa tarehe iliyotangazwa.

Baada ya baridi huja shira, na hapa inafaa tuingie kibandani tuone kazi yenyewe. Mwezi wa Machi, ambapo usiku maji huganda na mchana theluji huyeyuka, mkulima hutoboa shina la mepo na kutia kijibomba. Utomvu, ulio mwangavu kama maji na utamu wake haba, hupelekwa kwa ndoo au kwa mipira hadi kibandani, ukachemshwa katika sinia pana la chuma huku mvuke ukitoka kwa wingi kupitia paa lililoachwa wazi. Huhitajiwa kadiri ya galoni 40 za utomvu kupata galoni 1 ya shira. Mgeni humwagiwa shira ya moto juu ya theluji safi, ikanatanata kama halua iliyoepuliwa sasa hivi, akaisokota kwa uma na kuila kwa andazi na tango la siki, ili ukali wa siki ukate utamu naye apate hamu ya kuendelea. Vermont hutoa karibu nusu ya shira yote ya Marekani, na sehemu kubwa huuzwa kwa jumla. Lakini kila chupa inunuliwayo mlangoni humpa mkulima bei kamili, bila ya dalali kati.

Mwezi wa Aprili theluji iyeyukayo hugeuza barabara kuwa tope, nazo zaidi ya nusu ni za udongo. Hapo hoteli nyingi hufunga, zikapakwa rangi, na watumishi wakapumzika. Baada ya tope huja kiangazi, na familia hujaa ufuoni mwa ziwa Champlain, hata mzunguko ukatimia.

Wala watu hao hawakuridhika na kuuza tu. Mwaka 1968 jimbo lilipiga marufuku mabango ya matangazo kando ya barabara, na mwaka 1970 likatunga sheria ya kuchunguza kila ujenzi mkubwa kabla ya kuuruhusu, kwa kuwa walitambua kwamba mandhari ndiyo rasilmali, na alaye rasilmali hana faida ya kungoja. Hata hivyo wingi wa wageni wenyewe waweza kuwa dhara: mwaka 2023 mji mdogo wa Pomfret ulilazimika kuifunga barabara ya Cloudland kwa wasio wenyeji wakati wa majani, kwa sababu ya msongamano wa wapiga picha waliovutiwa na shamba moja lililoenea mitandaoni. Nyumba nazo ni shida, kwani Vermont ni miongoni mwa majimbo yenye sehemu kubwa mno ya makazi yakaliwayo kwa msimu tu, na mtumishi wa hoteli hapati pa kupanga. Tena mbingu haina mkataba na mtu: mafuriko ya Agosti 2011 yalivunja barabara majuma machache kabla ya msimu wa majani, na yale ya Julai 2023 yaliingia maduka ya Montpelier, mji mkuu wa jimbo, katikati ya kiangazi.

Sisi wa pwani ya Afrika Mashariki si wageni wa elimu hii. Majahazi ya Maskati yalikuja kwa kaskazi na kurudi kwa kusi karne nyingi kabla ya hoteli ya kwanza kujengwa, na wazee wetu walipanga deni, harusi na bidhaa kwa kufuata pepo hizo. Lakini leo, mvua za masika zinyeshapo, hoteli nyingi za ufukweni hufunga milango na vijana wakarudishwa makwao bila ujira, kana kwamba mvua haina lolote la kumwonyesha mtu. Ilhali katika uwanda wa Kitulo, nyanda za juu za kusini mwa Tanzania, mvua ndiyo iletayo maua, tangu Desemba hata Aprili, na wenyeji wamepaita mahali hapo Bustani ya Mungu. Familia za Dar es Salaam na Nairobi zina sikukuu, zina magari, na wengine wana hamu ya kuijua nchi yao. Basi nawasihi wenye hoteli na halmashauri waketi na kalenda mbele yao, waandike mbele ya kila mwezi neema iliyoko mahali pao, waipangie bei ya mwenyeji, na kabla ya kuitangaza wakubaliane ni nani atakayeilinda.