Mwanafunzi wa maabara akikuomba kidole

Umefika zahanati saa moja asubuhi, mtoto mwili unachemka. Umekaa kwenye foleni, umemwona tabibu, na tabibu amekuandikia karatasi ya kwenda maabara. Unapofika dirishani unamkuta kijana unayemfahamu. Ni mtoto wa jirani, amemaliza sekondari hapa hapa kambini. Amevaa koti jeupe na glavu. Anakusalimia, anauliza jina la mtoto, kisha anakuomba umshike vizuri ili amtoboe kidole. Moyoni unajiuliza, "Huyu naye amekuwa daktari tangu lini?"

Swali lako ni la haki, na makala hii inajaribu kulijibu. Tunataka ujue mwanafunzi huyo anafundishwa nini, anaruhusiwa kufanya nini, na wewe una haki gani unapokuwa mbele yake.

KWA NINI VIJANA WAFUNDISHWE?

Mahali penye watu wengi wanaotumia maji mamoja na vyoo vya karibu karibu, ugonjwa haungoji. Wengi wetu tunakumbuka Goma, Julai 1994. Watu wapatao 50,000 waliotoka Rwanda walifariki katika mwezi wa kwanza tu, wengi wao kwa kuhara. Kwanza kilikuja kipindupindu, kisha kuhara damu. Wengine tunakumbuka Kagunga, kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika, Mei 2015, pale kipindupindu kilipowakuta maelfu ya watu waliokimbia Burundi.

Siku kama hizo swali la kwanza ni hili: huu ni ugonjwa gani? Kuhara maji na kuhara damu havitibiwi kwa namna moja, na dawa inayoua mdudu mmoja inaweza isimguse mwingine. Jibu hutoka maabara, na maabara haiwezi kujibu kama sampuli ilichukuliwa vibaya au iliandikwa jina lisilo lake. Ndiyo maana inafaa wawepo vijana wanaojua kazi hiyo kabla ya siku mbaya kufika. Tena wawe vijana wanaoweza kumweleza bibi kwa lugha yake, iwe Kirundi, Kibembe au Kifulero, kwa nini anaombwa makohozi wala si mate.

ANAANZA NA KALAMU

Watu wengi hufikiri mwanafunzi huanza na darubini. Sivyo. Huanza kwa kunawa mikono kwa maji na sabuni, kuvaa glavu mpya kwa kila mgonjwa, na kuandika.

Makosa makubwa ya maabara mara nyingi hutoka kwenye kalamu. Fikiria watoto wawili kwenye benchi moja, wote wanaitwa Riziki, wote wana miaka mitatu. Mmoja ana malaria, mwingine hana. Majibu yakibadilishwa, watoto wote wawili wametibiwa vibaya. Kwa hiyo mwanafunzi anafundishwa kuandika jina kamili, umri, namba ya kadi na tarehe, tena mbele ya mgonjwa. Anaandika kwenye chupa au kikopo chenyewe, si kwenye kifuniko, maana vifuniko hubadilishana. Akikuuliza jina mara ya pili usikasirike. Anafanya alivyofundishwa.

KIDOLE NA SINDANO

Baada ya hapo ndipo anapojifunza kutoboa. Kwa mtu mzima na mtoto mkubwa hutumia kidole cha kati au cha pete, ubavuni mwa ncha, kwa sababu pale katikati pana maumivu zaidi. Kwa mtoto mchanga hutumia kisigino. Anasafisha kwa spiriti, anaacha ikauke, anatoboa, anafuta tone la kwanza, na kuchukua linalofuata.

Kitobozi hutumika mara moja tu, kisha kinatupwa papo hapo kwenye sanduku la usalama. Sindano hairudishiwi kifuniko chake, na sanduku hufungwa likijaa robo tatu. Mwanafunzi akijichoma kwa bahati mbaya, anatakiwa aoshe kwa maji na sabuni na kutoa taarifa saa ile ile, kwa sababu dawa za kumkinga na VVU lazima zianze ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora zaidi. Kuficha kwa aibu ni kosa.

KIOO NA DARUBINI

Ili kutafuta vimelea vya malaria, mwanafunzi hutengeneza matone mawili juu ya kioo: tone nene na tone jembamba. Tone jembamba hupakwa methanoli ili chembe za damu zibaki na umbo lake, na hilo husaidia kujua ni aina gani ya malaria. Tone nene haliguswi na methanoli, kwa sababu chembe nyekundu zinatakiwa zipasuke ili vimelea vionekane wazi. Mwanafunzi akikosea hapo, kioo kimeharibika.

Kisha inakuja rangi ya Giemsa. Ikiwa ya asilimia 10 hukaa kama dakika 10. Ikiwa ya asilimia 3 hukaa dakika 30 hadi 45. Baada ya kuosha na kukausha, anaweka mafuta na kutazama kwa lenzi kubwa. Haruhusiwi kusema "hakuna vimelea" mpaka atazame sehemu zisizopungua 100 za tone nene. Sasa umejua kwa nini jibu la darubini halitoki upesi. Ukigonga dirisha kila baada ya dakika mbili, unamfanya aharakishe kazi isiyotaka haraka.

Kipimo cha haraka ni chepesi zaidi, lakini nacho kina masharti. Kikisomwa kabla ya muda ulioandikwa kwenye pakiti, kwa kawaida dakika 15 au 20, kinaweza kudanganya. Mstari wa uhakiki usipotokea, kipimo hicho ni kibovu na lazima kirudiwe. Vilevile baadhi ya vipimo hivi huendelea kuonyesha malaria kwa wiki kadhaa hata kama mgonjwa ameshapona. Kwa hiyo mweleze mhudumu kama mtoto alitumia dawa mseto siku za karibuni.

"KWA NINI MSITUPE DAWA TU?"

Hapa ndipo penye ugomvi mwingi. Zamani kila homa ilipewa dawa ya malaria. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilielekeza kwamba kila anayedhaniwa kuwa na malaria apimwe kwanza. Lakini wazazi wengi wakiambiwa "hakuna malaria" hukasirika, huenda sokoni, hununua vidonge na kumpa mtoto.

Mzazi mwenzetu, jibu hilo halina maana kwamba mtoto si mgonjwa. Maana yake homa ina sababu nyingine, na bado inatafutwa. Inaweza kuwa nimonia, maambukizi ya njia ya mkojo, au sikio. Vidonge vya malaria havitibu nimonia. Siku mbili unazosubiri vifanye kazi zinaweza kuwa ndizo siku ambazo mtoto alipaswa kupata dawa yake.

Kwa sababu hiyo mwanafunzi hafundishwi maabara peke yake. Anafundishwa pia kumtazama mgonjwa. Anajifunza kupima joto, kuhesabu mapigo ya moyo, na kuhesabu pumzi za mtoto aliyetulia kwa dakika nzima, macho kwenye saa. Mtoto mwenye kikohozi anahesabiwa kuwa anapumua haraka akifikisha:

- pumzi 60 au zaidi, akiwa chini ya miezi miwili;
- pumzi 50 au zaidi, akiwa na miezi miwili hadi kabla ya kutimiza mwaka mmoja;
- pumzi 40 au zaidi, akiwa na mwaka mmoja hadi kabla ya kutimiza miaka mitano.

Anajifunza kuzungusha mkanda kwenye mkono wa mtoto wa miezi sita hadi miaka mitano. Chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, yaani utapiamlo mkali. Kuanzia 11.5 hadi chini ya 12.5 ni njano, na mtoto anahitaji kufuatiliwa. Anajifunza pia dalili za hatari: mtoto asiyeweza kunywa wala kunyonya, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege, au aliyelegea na haamki. Mtoto wa namna hiyo hasubiri foleni. Hata wewe ukimwona kwenye benchi, mwite muuguzi.

HAKI ZAKO MBELE YA MWANAFUNZI

Una haki ya kujua kwamba ni mwanafunzi. Anapaswa akwambie mwenyewe. Asipokwambia, muulize: "Msimamizi wako yuko wapi?" Mwanafunzi hafanyi kazi peke yake, na majibu yake yanapaswa kuhakikiwa na mtaalamu kabla hujapewa.

Una haki ya kukataa na kuomba mtaalamu mwenyewe. Ukikataa hunyimwi matibabu. Mwanafunzi akikosa mshipa mara mbili, anatakiwa ampishe msimamizi.

Una haki ya siri. Tunajua hofu iliyopo: "Huyu ni jirani yangu, kesho mtaa mzima utajua nimepimwa nini." Hofu hiyo ina msingi, hatuidharau. Somo la siri linafundishwa kabla ya somo la damu, na anayetoa majibu ya mgonjwa nje hastahili kuendelea na mafunzo. Ikikutokea, usinyamaze. Mwone mkuu wa zahanati, au andika kwenye kisanduku cha maoni.

Kuna pia maneno kwamba damu huuzwa. Tone la kidole ni dogo kuliko punje ya mchele. Chupa ndogo inayochukuliwa mshipani ni kama kijiko kimoja cha chai, na mtu mzima ana lita tano hivi za damu mwilini. Ukitaka kujua damu yako inakwenda wapi, uliza, na mhudumu anapaswa kukueleza.

SAMPULI NZURI INAANZIA KWAKO

Makohozi: sukutua mdomo kwa maji, toka nje penye hewa mbali na watu, vuta pumzi ndefu, kohoa kutoka kifuani. Mate hayaonyeshi kifua kikuu.

Choo: kisichanganyike na mkojo, maji wala udongo. Kilete mapema, ndani ya saa moja ikiwezekana.

Mkojo: acha wa kwanza upite, kinga wa katikati.

Funga kikopo vizuri, na hakikisha jina lililoandikwa ni lako.

NENO KWA KIJANA ANAYETAKA KUJIUNGA

Kazi hii inataka biolojia na kemia, lakini zaidi inataka subira na ukweli. Usipoona kitu kwenye darubini, sema hujaona. Ukiwa na shaka, mwite mwalimu. Mwanafunzi anayebuni jibu ili asionekane mjinga ni hatari kuliko yule asiyejua.

Tusikudanganye pia kuhusu cheti. Mafunzo ya msingi ya kambini hayakufanyi mtaalamu mwenye leseni. Nchini Tanzania wataalamu wa maabara za afya husajiliwa na baraza lao, na nchi nyingine nazo zina taratibu zake. Kwa hiyo tunza karatasi zako: orodha ya ulichofundishwa, saa ulizofanya kazi, na sahihi ya msimamizi. Weka nakala mahali pasipovuja. Ukirudi nyumbani, au ukihamia nchi nyingine, karatasi hizo ndizo zitakazokusaidia kuomba chuo. Na mikono iliyozoea kunawa, kuandika jina sahihi na kuhesabu pumzi utakwenda nayo popote. Wahenga walisema, ujuzi hauzeeki.

Ndugu msomaji, tunakuomba jambo moja. Mtoto akipata homa, mlete siku ile ile, usingoje kesho. Ukimkuta kijana wetu dirishani, muulize anachotaka kufanya na msimamizi wake ni nani. Akikujibu vizuri, mshike mtoto, mpe kidole. Kisha kaa usubiri jibu kwa muda wake, na ulifuate hata kama silo ulilotarajia.