Nyumba Njema si Mlango: Kuyahami Makazi ya Zamani Dhidi ya Joto la Bonde la Ufa

Utangulizi

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba nyumba njema si mlango. Msafiri atokaye Nakuru kwenda Marigat huyaona mapaa ya mabati yakimetameta kandokando ya barabara, akawaza kuwa wenyeji wa huko wameneemeka. Lau angeingia katika mojawapo ya nyumba hizo saa nane mchana wakati wa kiangazi, angetoka upesi kuliko alivyoingia. Nyanyake mwandishi wa makala haya alijengewa na wanawe nyumba ya vyumba vitatu, yenye kuta za matofali na paa la mabati, ili aondokane na kibanda chake cha nyasi. Alishukuru, akaingiza humo viti na sanduku lake la nguo. Baada ya hapo aliendelea kushinda chini ya mgunga, na usiku wa kiangazi akawa analala uani.

Hakuwa mkaidi, wala hakudharau fadhila za wanawe. Mwili wake ulikuwa umekwisha kupima tofauti ya paa moja na jingine. Makala haya yanadhamiria kueleza kiini cha tofauti hiyo, na kuonyesha jinsi nyumba iliyokwisha kujengwa inavyoweza kuhamiwa bila kubomolewa. Hoja yetu kuu ni kwamba anayetaka kuipoza nyumba ya bondeni sharti aanze na paa, kisha ahakikishe kuwa joto linapata njia ya kutoka usiku. Mengine yote hufuata baada ya hayo mawili.

Kabla ya kuendelea, ni vyema tulifafanue neno lenyewe. Kihami ni kitu kinachozuia joto au umeme kupita. Istilahi hii inatokana na kitenzi hami, yaani kulinda au kutetea. Msomaji asiichanganye na hama wala hamisha: kihami hakihamishi kitu, bali hukizuia kisipite.

Nyumba ya Mlimani Iliyoshuka Bondeni

Tatizo tunalolizungumzia lina historia yake. Atokaye Iten, mji ulio takriban mita 2400 juu ya usawa wa bahari, akateremka hadi sakafu ya Bonde la Kerio, hushuka zaidi ya mita 1000. Kwa kila mita 1000 za mteremko, hewa huongezeka joto kwa nyuzi zipatazo 6 za selisiasi. Ndiyo maana mtu huondoka mlimani akiwa amevaa sweta na kufika bondeni akiwa ameishika mkononi.

Watugen, Wakeiyo, Wamarakwet na Wailchamus waliokaa katika mabonde haya tangu jadi waliezeka nyumba zao kwa nyasi. Mabati yalipoenea, yalikuja pamoja na ramani ya nyumba ya nyanda za juu: kuta nyembamba, upenu mfupi, madirisha madogo, na aghalabu bila dari. Nyumba hiyo ikijengwa Eldoret haina madhara makubwa, kwani huko mwenye nyumba huogopa baridi zaidi. Ramani iyo hiyo ikiletwa Marigat au Magadi, hugeuka tanuri. Leo mabati ndiyo yanayoezeka nyumba nyingi zaidi nchini. Sensa ya mwaka wa 2019 ilionyesha kwamba takriban kaya 8 kati ya kila 10 ziliishi chini ya paa la aina hiyo.

Hatukusudii kuwarudisha watu kwenye nyasi. Mabati hayashiki moto, hudumu miaka mingi, na maji ya mvua yaingiayo tangini kutoka paani ni neema kubwa katika nchi kavu. Hata hivyo, usiache mbachao kwa msala upitao: nyasi zilikuwa na elimu ambayo mabati hayakuja nayo.

Safari ya Joto

Joto husafiri kwa njia tatu. Ya kwanza ni mpitisho, ambapo joto hupita ndani ya kitu kigumu, kama mwiko wa chuma uliosahauliwa chunguni. Ya pili ni msafara, ambapo hewa au maji yaliyopata joto hupanda na kulibeba joto hilo. Ya tatu ni mnururisho, ambapo joto hurushwa kama mwanga bila kuhitaji kitu cha kulibeba. Ndivyo jua linavyotufikia, na ndivyo mtu aliyeketi mbali kidogo na moto anavyouhisi usoni.

Jua la utosini hupeleka takriban wati 1000 za nishati kwa kila mita mraba ya paa. Nyumba yenye paa la mita mraba 40 hupokea basi wati 40,000, sawa na majiko 40 ya umeme ya wati 1000 kila moja. Bati jipya linalong'aa hurudisha sehemu kubwa ya nishati hiyo angani. Bati lililozeeka na kushika kutu huimeza sehemu kubwa, nalo likawa moto kiasi cha kuunguza kiganja. Kwa kuwa unene wake haufiki hata nusu milimita, upande wa chini hupata joto karibu papo hapo, kisha hulirusha kwa mnururisho juu ya vichwa vya waliomo. Ndiyo sababu mtu huhisi utosi ukiwaka hata pale upepo unapopita dirishani. Upepo huondoa hewa yenye joto, lakini hauzuii mnururisho.

Nyasi je? Siri yake ni hewa iliyonaswa katikati ya mabua. Hewa iliyotulia ni kihami bora mno. Chuma hupitisha joto takriban mara 2000 zaidi yake. Paa la nyasi lenye unene wa shubiri moja ni maelfu ya vijumba vidogo vya hewa isiyoweza kusafiri. Vihami vingi vya kisasa viuzwavyo madukani, viwe vya sufi ya kioo au vya povu la plastiki, hutumia kanuni hiyo hiyo.

Hatua za Kuihami Nyumba Iliyopo

Hatua ya kwanza ni ya nje. Bati lililozeeka lisuguliwe kutu, lipakwe rangi ya msingi, kisha rangi nyeupe ya mabati. Weupe huyarudisha mapigo ya jua kabla hayajaingia. Iwapo familia huteka maji ya paa hilo, ichague rangi isiyo na risasi, na maji ya mvua za mwanzo baada ya kupaka rangi yaachwe yamwagike.

Hatua ya pili, iliyo kuu, ni dari. Dari huweka tabaka la hewa kati ya bati na kichwa cha mtu, na huukinga mnururisho. Inaweza kuwa ya mbao nyembamba, bodi za jasi au hata mikeka ya mafunjo iliyokazwa vizuri. Pawepo matundu chini ya upenu na mengine karibu na kilele cha paa, ili hewa iliyochemka chini ya bati ipande na kutoka huku hewa nyingine ikiingia. Matundu hayo yazibwe kwa wavu wa waya, la sivyo dari itakuwa makao ya popo na panya.

Mwenye uwezo zaidi anaweza kutandaza kihami juu ya dari. Unga wa mbao na maranda kutoka karakana za maseremala hufaa, hasa vikichanganywa na chokaa ili kupunguza wadudu. Hapa hesabu ni muhimu. Tabaka la sentimita 10 la unga wa mbao mkavu lina uzito wa kilo zipatazo 20 kwa kila mita mraba, yaani kilo 800 kwa nyumba ya mita mraba 40. Dari dhaifu haiwezi kuubeba mzigo huo. Fundi aimarishe mihimili kwanza. Iwapo hilo haliwezekani, karatasi ya alumini inayong'aa ifungwe chini ya mapao, upande wake mng'avu ukitazama nafasi ya hewa. Karatasi hiyo ni nyepesi, nayo huuzuia mnururisho kwa kiasi kikubwa mradi haijafunikwa na vumbi wala kugusana na bati.

Hatua ya tatu ni kuta. Marigat iko karibu kabisa na ikweta, hivyo jua hupita juu ya nyumba, na kuta zinazopigwa zaidi ni za mashariki asubuhi na za magharibi alasiri. Baraza, upenu mrefu au mti upande wa magharibi utafaa kuliko kihami chochote cha kubandikwa ukutani. Ukuta mnene wa udongo au mawe, kwa upande wake, hulimeza joto polepole na kulitoa saa kadhaa baadaye. Tukiukinga na jua mchana na kuupitishia hewa baridi usiku, huwa hazina ya ubaridi kwa siku inayofuata.

Hapo ndipo penye hatua ya nne, isiyogharimu kitu ila mazoea. Kihami hakichagui upande: huzuia joto lisiingie, na huzuia pia lililokwisha kuingia lisitoke. Pwani, ambako usiku nao una joto na unyevu, watu huacha madirisha wazi mchana kutwa ili upepo upite. Bondeni hewa ni kavu, na usiku hupoa kuliko mchana kwa nyuzi nyingi. Kwa hiyo madirisha yafungwe kuanzia saa nne asubuhi na kufunguliwa jua linapotua, yakiwa na wavu wa kuzuia mbu, maana malaria ingali tishio. Aidha, jiko litolewe nje ya nyumba ya kulala. Haina maana kulizuia joto la jua paani na kuwasha kuni sebuleni.

Tahadhari

Kazi hii ina hatari zake. Unga wa mbao, mikeka na povu la plastiki hushika moto. Visigusane na nyaya za umeme wala bomba la moshi. Mchwa ni adui wa kila kitu kilichotokana na mti, kwa hiyo mbao zitiwe dawa kabla ya kupandishwa. La mwisho ni zito zaidi. Baadhi ya nyumba za zamani za taasisi ziliezekwa kwa asbesto. Vumbi lake likivutwa husababisha saratani na magonjwa mengine ya mapafu yasiyo na tiba. Paa la namna hiyo lisitobolewe, lisisuguliwe wala kuvunjwa na fundi wa kawaida. Huhesabiwa kuwa taka hatari, na Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira ndiyo inayotoa mwongozo wa kuliondoa.

Hitimisho

Joto la nyumba si suala la starehe tu. Mtoto mchanga na mzee ndio wanaoumia kwanza, kwa kuwa miili yao haimudu kujipoza kama ya kijana. Mwanafunzi aliyekesha akijigeuzageuza kitandani huenda darasani bila usikivu. Wanaopanga nyumba za walimu na zahanati za bondeni hawana budi kuihesabu dari kuwa sehemu ya jengo, mithili ya mlango na dirisha, badala ya kuifanya pambo la kuongezwa fedha zikibaki.

Jamaa zake mwandishi walipokutana kuizungumzia nyumba ya nyanya, fedha zilizokuwapo zilitosha jambo moja tu: ama dari, ama mlango mpya wa chuma uliokuwa ukitamaniwa na wengi. Mzee mmoja alitaka mlango, kwa kuwa ndio unaoonwa na wageni. Nyanya aliulizwa, naye akajibu kwamba wageni huondoka jioni, na anayebaki humo usiku ni yeye. Dari ikawekwa. Mlango ungali ule ule wa mbao, umepinda kidogo, nao huachwa wazi kila jua linapotua. Mgunga hajauacha mchana. Lakini kitanda chake sasa kimo ndani.