Mgeni wa usiku na mawe ya nyongo

Ukitaka kuujua utani wa Tanga, msomaji wangu, si lazima uende harusini. Njoo ukae kwenye benchi la kliniki ya wazee hapa Korogwe asubuhi, kabla kadi hazijaanza kuitwa. Mzee mmoja akiulizwa magoti yanaendeleaje atakwambia yameshastaafu, yanasubiri kiinua mgongo. Jirani yake atasema presha yake ni kama bei ya mahindi, ikishapanda haina adabu. Wa tatu haoni vizuri, lakini hana malalamiko, maana mkewe siku hizi amerudi kuwa msichana.

Hucheka nao, na hucheka kwa woga kidogo, kwa sababu nina miaka arobaini na kitu na hayo wanayoyatania nayaona yakija upande wangu. Ila miaka ya kukaa nao imenizoeza kuusikiliza utani kama ninavyosikiliza mapafu. Mzee wa kwetu hapendi kulalamika. Akilalamika anawasumbua watoto, na watoto wako Dar es Salaam wanahangaika na kodi ya nyumba. Kwa hiyo ugonjwa anaufanyia mzaha, watu wanacheka, mazungumzo yanaishia hapo. Leo nataka tuzungumze juu ya ugonjwa mmoja unaojificha vizuri sana ndani ya mizaha ya namna hiyo: mawe kwenye mfuko wa nyongo.

Kuna bibi mmoja wa miaka 67 kutoka kijiji kimoja cha Handeni. Ameniruhusu nimsimulie kwa masharti mawili: nisimtaje jina, na niseme kwamba ujanani alikuwa mrembo. Bibi huyu alikuwa na "mgeni wa usiku". Ndivyo alivyowaambia wajukuu wake. "Mgeni wangu ana tabia zake. Nikila bada na mlenda haji. Nikila nyama ya kukaanga, saa tano usiku anabisha hodi." Wajukuu walicheka, na kwa kuwa bibi na mjukuu wana haki ya kutaniana, wakamuuliza kama babu ana habari na mgeni huyo.

Utani huo ulidumu miaka minne. Katika miaka hiyo bibi alikuwa akinunua dawa za vidonda vya tumbo kwenye duka la dawa, chupa baada ya chupa. Kliniki alikuja kwa ajili ya presha tu. Nilipomuuliza kama kuna jingine linalomsumbua alisema hapana, ni uzee. Mjukuu aliyemsindikiza ndiye aliyesema, huku akicheka, "Dokta, muulize habari za mgeni wake."

Nikauliza, na mgeni akajitambulisha kwa sifa zake zote. Huja baada ya mlo wenye mafuta, na hupenda usiku. Hukaa juu ya tumbo, chini ya mbavu za kulia au kwenye chembe cha moyo, kisha hupenya hadi mgongoni au begani upande wa kulia. Hapiti kama gesi inavyopita. Hukaza nusu saa, saa moja, wakati mwingine saa kadhaa, bila kulegea, na mara nyingi huja na kichefuchefu au matapishi. Halafu huondoka, na kesho yake mtu yuko shambani anapalilia kama hakuna kilichotokea. Vidonda vya tumbo kwa kawaida huunguza, huendana na njaa, na hutulia kidogo ukimeza dawa. Magonjwa haya mawili hufanana kiasi cha kudanganya, na ndiyo maana tunapima.

Kipimo chenyewe ni altrasaundi, ile mashine wanayoijua akina mama wajawazito. Haiumi, na unatakiwa uje hujala kwa saa sita hadi nane ili mfuko wa nyongo uwe umejaa na uonekane vizuri. Bibi alilala Korogwe kwa ndugu, akaja na njaa yake, akapimwa. Mawe yalikuwapo kadhaa, kubwa lao kama punje ya kunde.

"Yameingiaje, mwanangu?" akaniuliza. "Mimi mawe nimeyala ya kwenye mchele tu, na mengi niliyatema." Kisha akasogea karibu akaniuliza kwa sauti ya chini kama ni ule udongo aliokula alipokuwa na mimba. Swali hilo naulizwa sana na akina mama, kwa hiyo nalijibu hapa kwa wote: udongo wa ujauzito una ubaya wake, ikiwamo kwenda sambamba na upungufu wa damu, lakini hauwi jiwe la nyongo. Jiwe hili haliliwi. Linatengenezwa humo humo mwilini.

Ini lako hutengeneza nyongo nusu lita hadi lita moja kila siku. Sehemu yake huhifadhiwa kwenye kifuko kidogo chini ya ini, na ukila mafuta kifuko hicho hujikaza na kuimwaga kwenye utumbo ili kusaidia kumeng'enya. Nyongo ikiwa na kolesteroli nyingi kupita kiasi, au kifuko kikiwa kizito kujikamua, kolesteroli hutuama na kuganda, kama chumvi inavyoganda maji ya bahari yakipungua kwenye mashamba ya chumvi kule pwani. Punje inakuwa mchanga, mchanga unakuwa kijiwe. Siku kijiwe kikiziba mlango wakati kifuko kinajikaza, mgeni anabisha hodi.

Vitabu tulivyosomea udaktari vina msemo wa kutukumbusha ni nani hasa hupata mawe haya: mwanamke, mnene, mwenye miaka arobaini, aliyezaa. Nilipoukariri nikiwa mwanafunzi niliona ni msemo mtamu. Sasa ninatimiza sifa tatu kati ya hizo nne, na ya nne naomba tusiijadili. Wanaume nao hupata, na kwa jinsi zote hatari huongezeka kadiri umri unavyokwenda. Kisukari huchangia. Kupungua uzito kwa kasi pia huchangia, na hilo nawaambia hasa wale wanaokunywa maji ya limau tu wiki mbili ili nguo ya harusi iingie.

Je, wazee wetu wa zamani walikuwa nayo? Daktari mpasuaji Denis Burkitt, aliyefanya kazi Uganda kuanzia miaka ya 1940 hadi ya 1960, aliandika kwamba mawe ya nyongo yalikuwa nadra katika hospitali za vijijini Afrika kuliko Ulaya, na akahusisha jambo hilo na vyakula vyenye nyuzinyuzi nyingi. Namwamini kwa sehemu. Wakati ule hapakuwa na altrasaundi wilayani, kwa hiyo mawe yaliyokaa kimya hakuna aliyeyaona. Lakini na sahani nazo zimebadilika. Kunde, mboga za majani na ugali wa dona vimepisha chipsi mayai, na chapati ya asubuhi sasa inaogelea kwenye mafuta.

Wazazi, msiruke aya hii kwa kudhani ni habari ya bibi. Mtoto mwenye selimundu hupata mawe ya nyongo akiwa mdogo, wengine hata kabla ya miaka kumi. Chembe zake za damu huvunjika upesi, na rangi ya njano inayotokana na kuvunjika huko hujaa kwenye nyongo na kuganda. Mtoto huyo akilia tumbo mara kwa mara upande wa kulia chini ya mbavu, hasa baada ya kula, msihesabu kila mara kwamba ni maumivu yake ya kawaida. Mwambieni daktari wake, na ulizeni kuhusu altrasaundi ya tumbo.

Sasa habari njema. Watu wengi wenye mawe haya, kama wanane katika kumi, hayawasumbui. Yameonekana kwa bahati tu, wakipimwa kitu kingine. Kwa wengi wao hatupasui. Tunayaacha yalale, na mwenyewe anaendelea na maisha akijua dalili za kuangalia. Anayehitaji upasuaji kwa kawaida ni yule ambaye mgeni ameshaanza kumtembelea, kwa sababu akija mara moja huwa anarudi. Zipo dawa za kumeza za kuyeyusha mawe, lakini huchukua miezi mingi, huwafaa wachache, na mawe hupenda kurudi ukiziacha.

Tunachotoa ni mfuko wote, si mawe peke yake, kwa sababu ukiuacha utatengeneza mengine. Unaishi bila huo mfuko? Unaishi. Ini linaendelea kutengeneza nyongo, na nyongo inadondoka moja kwa moja kwenye utumbo. Wengine huharisha kidogo wiki za mwanzo, kisha mwili unazoea. Upasuaji huu si majaribio. Carl Langenbuch aliufanya kwa mara ya kwanza Berlin mwaka 1882, kwa mwanamume wa miaka 43, na inasimuliwa kwamba siku iliyofuata mgonjwa alikuwa akivuta sigara kubwa kitandani. Hilo la sigara msiige. Siku hizi hospitali kubwa kama Muhimbili huweza kuutoa mfuko kupitia matundu madogo, na kwingine tunafungua tumbo kwa mkato. Njia zote mbili hutibu. Tofauti kubwa ni kovu, na muda wa kurudi kwenye jembe.

Kuna dawa inayotembea kwa mdomo na kwa simu: kunywa mafuta ya kula na maji ya limau usiku, asubuhi utaona vijiwe vya kijani chooni. Utaviona kweli. Mwaka 2005 jarida la kitabibu la Lancet lilieleza habari ya mwanamke aliyeviokota na kuwapelekea madaktari, wakavipima maabara. Havikuwa mawe. Vilikuwa vipande vya sabuni, vilivyotokana na mafuta na limau hilo hilo alilokunywa. Mawe yake halisi yalikuwa bado yamekaa mahali pake. Kwa hiyo unayelipia dawa hiyo stendi umelipia kutengeneza sabuni, na mafuta hayo mengi kwa mkupuo yanaweza kumwamsha mgeni aliyelala.

Hapa naomba tuache kucheka kwa dakika moja. Maumivu yakizidi saa tano au sita bila kukoma, nenda hospitali usiku huo huo. Macho yakigeuka njano, mkojo ukawa kama chai ya rangi, kinyesi kikawa cheupe kama udongo wa mfinyanzi, nenda. Na ukipata homa ya kutetemeka pamoja na maumivu hayo, nenda haraka zaidi. Sisi wa Korogwe tumeishi na malaria muda mrefu kiasi kwamba hata majaribio ya chanjo ya RTS,S yalifanyika hapa, na kila anayetetemeka tunamtafutia dawa ya malaria. Pima malaria, ndiyo. Lakini kipimo kikisema hamna, na mgonjwa ana macho ya njano na tumbo la kulia linauma, jiwe linaweza kuwa limeziba mrija na uchafu umeanza kupanda kwenye ini. Jiwe likishuka zaidi huvuruga kongosho, na hapo maumivu hupiga katikati ya tumbo hadi mgongoni. Hali zote mbili huua, na huwaua hasa wazee waliongoja kukuche.

Bibi wetu aliogopa kisu, lakini aliogopa gharama zaidi. Wenye bima waulize mapema upasuaji unalipiwaje, na waombe barua ya rufaa kabla ya kusafiri, ili usifike Bombo ukaambiwa urudi ulikotoka. Wenye miaka 60 na zaidi wasio na uwezo wana utaratibu wa msamaha na vitambulisho vyao, chini ya sera ya wazee ya mwaka 2003. Ajabu ni kwamba wapo wanaume wa miaka 70 wanaokataa kabisa kusimama kwenye dirisha la wazee. Mmoja aliniambia, "Pale wanasimama wazee, dokta."

Hao hao ndio wanaotania kwamba huamka mara tano usiku kuangalia ng'ombe, wakati ng'ombe waliuzwa mnadani mwaka juzi. Baba, hiyo ni tezi dume. Mara nyingi si saratani, na zipo dawa; ila mkojo ukigoma kabisa kutoka, hiyo ni dharura ya saa hiyo hiyo. Na akina mama wanaocheka huku wamebana miguu kwa sababu kicheko kinawavujisha, wengi wakiamini ni adhabu ya kuzaa, jaribuni zoezi hili: bana misuli kana kwamba unazuia mkojo, hesabu hadi tano, achia, rudia mara kumi, mara tatu kwa siku. Unaweza kulifanya kwenye daladala bila mtu kujua. Lipe miezi mitatu. Lisiposaidia njooni, tuna mengine ya kufanya.

Bibi alipasuliwa. Siku ya pili wajukuu walijaa wodini na utani wao, na nikalazimika kumfundisha kukumbatia mto tumboni kila anapocheka au kukohoa, maana mshono hauna utani. Kwa wiki sita za kwanza ndoo ya maji na jembe ni vya wengine. Mawe yake aliyaomba, nikampa kwenye kichupa, akaenda nayo Handeni. Nasikia kila mgeni anayefika nyumbani huonyeshwa, na babu ameyapa jina la mke mwenza.

Alipokuja kuangaliwa kidonda alikuwa na swali moja tu: kama sasa anaweza kula nyama ya kukaanga. Nikamwambia aanze na vipande viwili, mchana.