Jeraha la Goti: Kutoka Kauli ya Mgonjwa Hadi Msimbo wa Tiba

Mtu aambiwapo kwa Kiswahili kwamba fulani "ameumwa goti", hana budi kuuliza swali la pili. Je, fulani amepata maumivu ya goti, au ameng'atwa na mnyama? Katika mazungumzo ya kawaida utata huu si kitu, kwani muktadha huutatua. Katika daftari la tiba, hata hivyo, maana hizo mbili huandikwa katika sura mbalimbali kabisa: maumivu ya kiungo huwekwa pamoja na maradhi ya mifupa na viungo, na umo la mnyama huwekwa pamoja na majeraha.

Muhuru Bay, bandari ya wavuvi iliyo Kaunti ya Migori karibu na mpaka wa Tanzania, ni mahali pafaapo kuutazamia utata wa namna hii. Wenyeji wake wengi, wakiwemo watu wenye asili ya Kisuba, huzungumza Dholuo nyumbani. Kiswahili hutumika pamoja na wageni na majirani wa ng'ambo ya mpaka, na tabibu huandika kwa Kiingereza. Jeraha moja basi laweza kupitia lugha tatu kabla ya kugeuzwa kuwa msimbo, yaani herufi na tarakimu zinazosimama mahali pa jina la ugonjwa.

Misimbo hiyo hutokana na Uainishaji wa Kimataifa wa Magonjwa. Asili yake ni orodha ya sababu za vifo ambayo Mfaransa Jacques Bertillon aliiwasilisha Chicago mwaka 1893. Mwaka 1948 orodha hiyo iliingia mikononi mwa Shirika la Afya Duniani, ikapanuliwa ili ihesabu pia maradhi yasiyoua. Katika toleo la tisa goti halikuwa na nafasi yake lenyewe. Namba 891 ilijumuisha goti, sehemu ya chini ya mguu na kifundo. Toleo la kumi, lililoidhinishwa mwaka 1990, lilitenga S81.0 kwa jeraha wazi la goti. Toleo la kumi na moja lilianza kutumika rasmi tarehe 1 Januari 2022, ingawa nchi zinalihamia kila moja kwa mwendo wake.

Tatizo la kwanza la kiisimu ni neno "mguu". Kiswahili hulitumia kwa kiungo kizima, tangu nyonga hadi vidole, na pia kwa wayo peke yake. Neno la Dholuo, "tielo", lina upana kama huo. Mgonjwa asemaye ameumia mguu hajakosea lugha yake. Lakini mwandishi wa kumbukumbu akiishia hapo, jeraha litaangukia T13.1, yaani jeraha wazi la mguu pasipojulikana mahali. Na Kiswahili si maskini wa maneno ya kupambanua: kuna paja, goti, muundi, shavu la mguu, kifundo na wayo. Katika goti lenyewe kuna pia, ambayo kamusi huiita vilevile kilegesambwa.

Tatizo la pili ni aina ya jeraha. "Adhola" ya Dholuo yaweza kuwa jeraha la leo asubuhi au donda la miezi sita. Kiswahili hupendelea kutofautisha jeraha na kidonda, ijapokuwa wasemaji wengi huyachanganya, na tofauti hiyo ina uzito: donda sugu la mguu ni L97, wala si S81. Mchubuko nao, ambao umekwaruza ngozi ya juu tu, si jeraha wazi kwa maana ya uainishaji. Huhesabiwa katika S80. Mkato, mraruko, mchomo na umo ndiyo maneno yanayostahili kuandikwa, kwa kuwa kila moja huonyesha jinsi ngozi ilivyofunguka.

Hata hivyo S81.0 haisemi jambo ambalo kwa mgonjwa ni kubwa kuliko yote: kina. Goti ni kiungo chenye uwazi uliojaa ute. Mchomo mdogo kando ya pia, usiotoka hata damu nyingi, waweza kufika ndani ya uwazi huo na kuingiza vijidudu, na usaha ukikaa humo huharibu gegedu kwa siku chache. Tundu kama hilo likiandikwa "jeraha dogo la goti", msimbo utakuwa sahihi na mgonjwa atakuwa hatarini. Pia ikivunjika, msimbo hubadilika kuwa S82.0, na tarakimu ya tano huonyesha kama mvunjiko ni wazi.

Ufupisho huzidi kadiri taarifa inavyopanda. Fomu ya MOH 705 ya muhtasari wa wagonjwa wa nje ina mistari ya ajali za barabarani, kuungua, na kuumwa na nyoka au mbwa. Mengi yanayobaki huingia katika "majeraha mengine". Hesabu hiyo ndiyo iingiayo katika mfumo wa taifa wa DHIS2, ulioenezwa nchini Kenya mwaka 2011. Ndoana ya sangara na panga la shambani huwa kitu kimoja. (Uainishaji wenyewe nao una vichekesho vyake: W56, msimbo wa kudhuriwa na samaki, umepewa jina la wanyama wa baharini, kana kwamba ziwani hakuna miiba.)

Kwa hiyo maelezo ya tabibu katika daftari ndiyo mahali pekee ambapo jeraha hubaki jinsi lilivyokuwa. Maelezo hayo yaweza kuwa mafupi. Mfano wake ni huu: "Goti la kushoto, mbele, chini ya pia. Mchomo wa ndoana, ingali ndani. Kina hakijapimwa, ute wa kiungo hauonekani, goti lakunjika kwa maumivu. Saa nne tangu kuumia, majini. Chanjo ya pepopunda: hakumbuki." Kwa orodha ya Shirika la Afya Duniani, yote hayo ni S81.0. Kwa orodha ya Marekani, iliyoanza kutumika huko tarehe 1 Oktoba 2015, ni S81.042A: tarakimu 4 ni mchomo wenye kitu kilichobaki ndani, 2 ni upande wa kushoto, na A ni kwamba mgonjwa angali katika matibabu ya jeraha lenyewe. Ute na pepopunda havimo katika msimbo wowote kati ya hiyo miwili.