Turbo Isihukumiwe Kabla ya Mipira Yake

Gari la dizeli lenye turbo linaweza kutembea vizuri kabisa kwenye tambarare ya Voi, kisha likapita Mwatate, likaanza kupanda kuelekea Wundanyi, nguvu zikaisha. Moshi mweusi unatoka, taa ya injini inawaka. Hapo husemwa upesi: turbo imekufa, itafutwe nyingine. Mimi nasema ianze kuchunguzwa njia ya hewa. Moshi wa ekzosi huzungusha gurudumu la mapezi, nalo huzungusha jingine linaloshindilia hewa, kwa kasi inayoweza kupita mizunguko 100,000 kwa dakika. Hewa hiyo hupitia mipira, klipu na intakula (kipoza-hewa) ndipo iifikie injini. Mpira mmoja ukichanika, presha hupotea ilhali turbo ni nzima.

Wapo watakaosema kompyuta haidanganyi: imeandika P0299. Ni kweli, lakini msimbo huo unasema tu kwamba presha iliyofika ni ndogo kuliko iliyotakiwa. Hausemi imepotelea wapi. Tena sensa ya presha yenyewe yafaa ipimwe. Washa swichi bila kuliwasha gari, usome presha kamili ya hewa: Mombasa iwe karibu kilopaskali 101, Voi kama 95, Wundanyi kama 85. Ikisoma 100 huko Wundanyi, sensa ndiyo yenye kasoro. Kisha fungua kichungio cha hewa, maana vumbi jekundu la Taita halina huruma. Kagua mipira upande wa chini, ambako nyufa hujificha na oili huacha alama. Fundi mwenye mashine ya moshi ataona mara moja panapovuja. Mipira myembamba ya vakyumu isisahauliwe, wala kile kifimbo kinachosogeza mapezi ya kuelekeza moshi ndani ya turbo, kwani masizi huyakwamisha.

Pingamizi zito zaidi ni la muda. Wanawake wa kijiji cha Mraru, Taita, walichanga fedha wakanunua basi lao miaka ya 1970 kwa sababu kufika Voi kulikuwa taabu. Kwa vijiji kama hicho, gari likilala, watu wanakosa soko na hospitali. Mwenye gari anataka lirudi barabarani leo. Lakini ukaguzi huu ni kazi ya saa chache, na turbo iliyonunuliwa bure haizibi mpira uliopasuka: gari litagoma mlima uleule.

Turbo hufa pia, sikatai. Moshi wa buluu peke yake hautoshi kuihukumu, kwani ringi zilizolika nazo huutoa. Fundi aishike shafti mkononi: kucheza kidogo kwa upande ni kawaida, ila mapezi yakigusa nyumba yake, ibadilishwe. Na kabla mpya haijafungwa, bomba linaloipelekea oili lisafishwe au litupwe, maana likiziba, hiyo mpya nayo itakauka na kuungua.