Zumari huanzia kwenye kilimi

Mpe mtu zumari aikague, ataugeuzageuza mti: ulivyochongwa, ulivyong'arishwa, ulivyopanuka kule mwisho. Mpulizaji hayo huyaacha baadaye. Kwanza anatazama kilimi, kile kipande cha jani kisichofika urefu wa kidole, maana humo ndimo inamozaliwa sauti.

Jani lenyewe ni la jamii ya mnazi. Hukaushwa, likakatwa na kukunjwa, kisha likafungwa kwa uzi kwenye kijibomba chembamba cha chuma. Pumzi ikipenya, kuta zake mbili hubana na kuachia upesi mno. Kwa sauti ambayo wanamuziki hulinganishia ala zao, ni mara 440 kwa sekunde. Hapo ndipo zumari inapoachana na siwa, lile baragumu kubwa. Msafiri mmoja wa msafara wa Vasco da Gama, akiieleza Malindi ya Aprili 1498, alitaja siwa mbili za pembe za ndovu, kimo cha mtu, zenye tundu la kupulizia ubavuni. Siwa haina kilimi. Kinachotetemeka ni midomo ya mpulizaji.

Chini ya kilimi kuna kisahani, cha kifuu au cha bati. Wengi hukidhani pambo. Kazi yake ni kuizuia midomo isiendelee mbele, ili kilimi chote kiwe huru kinywani. Mpulizaji hujaza mashavu, akaisukuma pumzi iliyomo huku akivuta nyingine kwa pua. Ndiyo maana nzumari ya ngoma ya sengenya, kule kwa Wadigo na Waduruma, haikatiki hata wachezaji wakihema. Lakini kilimi kisichobanwa na midomo ni vigumu kukipunguza sauti. Zumari haijui kunong'ona, na sioni kwa nini ijue: imeundwa ishindane na ngoma uwanjani. Surnai ya Iran na zurna ya Uturuki, ndugu zake, ni hivyo hivyo.

Kwenye mti, tundu la kidole likitobolewa karibu zaidi na kinywa, au likipanuliwa, sauti yake hupanda. Ikizidi, nta kidogo huishusha. Kilimi kikikatwa ncha, sauti zote hupanda, ila si kwa kipimo kimoja: za matundu ya juu hupanda zaidi. Kwa hiyo zumari iliyotobolewa sawasawa yaweza kusikika mbovu kwa ajili ya kilimi kipya tu. Kabla hujampelekea fundi mti auchokonoe upya, badilisha kilimi.