Usawazishaji wa Git na Subversion

Usawazishaji wa Git na Subversion ni kazi ya kuhakikisha kwamba mifumo hiyo miwili ya kudhibiti matoleo ya programu inabaki na msimbo uleule, pale baadhi ya watengenezaji wanapotumia mmoja na wenzao mwingine. Hitaji hilo hutokea hasa shirika linapohama kutoka mfumo wa zamani bila kuweza kusimamisha kazi.

Tofauti za mifumo

Subversion ilianzishwa na kampuni ya CollabNet mwaka 2000. Historia ya mradi hukaa katika seva moja, na kila badiliko hupewa namba kwa mfuatano: 1, 2, 3 na kuendelea. Git ilibuniwa na Linus Torvalds mwaka 2005. Hapa kila mtumiaji ana nakala ya historia katika kompyuta yake, na badiliko hutambulishwa kwa alama 40 zinazokokotolewa kutokana na yaliyomo, ujumbe wake na badiliko lililotangulia. Mtu aliyeko Moshi ambaye seva yake iko Dar es Salaam anaweza kuendelea kuhifadhi kazi yake katika Git hata mtandao ukikatika. Kwa Subversion hana budi kungoja.

Katika Afrika Mashariki, programu ya hospitali OpenMRS, iliyoanza kutumika Eldoret, Kenya, mwaka 2006, ilitunzwa katika Subversion kabla ya kuhamia Git. DHIS2, ambayo Tanzania huitumia kukusanya takwimu za vituo vya afya, ukiwemo Mkoa wa Kilimanjaro, ilihamia Git kutoka mfumo mwingine, Bazaar.

Utendaji

Chombo cha kawaida ni git-svn, kilichoandikwa na Eric Wong mwaka 2006. Amri "git svn clone" huchota matoleo moja baada ya jingine, hivyo mradi wa miaka mingi unaweza kuchukua saa nyingi. Penye intaneti ya polepole ni afadhali kuanzia toleo la karibuni. "git svn rebase" huleta mabadiliko mapya ya wenzako na kuyapanga yako juu yake. "git svn dcommit" hupeleka yako kwenye Subversion.

Hatari kubwa imejificha katika amri hiyo ya mwisho. Baada ya kupeleka, git-svn huongeza katika ujumbe mstari wenye namba ya Subversion. Ujumbe ukibadilika, zile alama 40 nazo hubadilika. Mwenzako aliyekwisha kuchukua badiliko la awali atakuwa na kazi ileile mara mbili, na mkanganyiko wake huchosha kuutatua. Kwa hiyo badiliko lisigawiwe wengine kabla halijapelekwa. Vilevile Subversion huhifadhi saraka tupu, Git haihifadhi.

GitHub iliruhusu hazina zake kufikiwa kwa Subversion hadi Januari 2024, ilipoiondoa huduma hiyo.